Mgongo Wangu na Mgeni wa Abdullahi

Assalamu alaykum ninyi mlioanza dawa, na ninyi mnaofikiria kuziacha. Naitwa Shamsa. Muuguzi wetu ameniomba niandike habari ya ugonjwa wangu ili wagonjwa waisome wakisubiri zamu. Alitaka ukurasa mmoja tu. Nikamwambia mimi ni muuza maziwa, sijazoea kupimia watu nusu kikombe.

Kabla ya kuugua nilikuwa nauza maziwa ya ngamia kando ya barabara ya Liboi. Dumu moja mgongoni, jingine mkononi, na safari ya kutoka nyumbani nilikuwa naimaliza jua halijachoma. Wateja wangu walikuwa madereva wa malori na askari wa kizuizi, na kwao ndiko nilikokinoa Kiswahili nilichokipata shuleni. Nilikuwa na mdomo. Dereva aliyesema maziwa yangu yana maji aliondoka ameyanunua na ameniomba radhi. Mume wangu, Abdullahi, alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi, mtu mpole asiyependa kusema. Majirani walitania kwamba maneno yake yote alinipa mimi kwenye mahari.

Maumivu yalianza katikati ya mgongo. Nilidhani ni dumu, nikalihamishia begani. Maumivu yakabaki palepale. Baadaye likaja jasho la usiku, shuka linalowa mpaka unaweza kulikamua. Nikakonda, bangili zikawa zinanitoka mkononi. Mwisho mfupa wa mgongo ukatokeza kwa nje, kinundu kigumu ambacho Abdullahi alikigusa kisha akaenda kumwita mama yake.

Mama mkwe alimwita mzee wa kuchoma. Kwetu hiyo ni tiba ya tangu zamani: chuma kinawekwa kwenye makaa mpaka kiwe chekundu, kisha unaguswa nacho pale panapouma. Nilichomwa mara ya kwanza, nikachomwa tena. Uchungu wa moto ulifunika ule wa mfupa kwa muda, tukafurahi, tukasema nimepona. Kumbe ugonjwa ulikuwa unaendelea na kazi yake. Asubuhi moja nilivaa kiatu nisikisikie mguuni. Haikupita muda, miguu ikakataa kunibeba. Mkojo ukawa unatoka wenyewe. Nayasema haya wazi kwa sababu najua baadhi yenu mnalowa na mnaficha, na kuficha kunawachelewesha.

Katika mji wetu kulikuwa na zahanati ya wamishonari. Ilisimamiwa na masista wawili kutoka ng'ambo. Sista Rosa alikuwa mzee, akitunza stoo ya dawa, naye mwenyewe alikuwa na kisukari, akijidunga sindano kila siku. Sista Marta ndiye aliyekuwa muuguzi. Alikuwa mrefu kupita wanaume wetu, kwa hiyo watu walimwita Marta Dheer, yaani Marta Mrefu. Abdullahi alinilaza kwenye mkokoteni wa punda akanipeleka kwake.

Marta aliinua nguo yangu, akaona kinundu na makovu ya moto. Sikusikia neno la kunilaumu. Alitupeleka Garissa kwa gari lao, nikapigwa picha ya mgongo. Daktari wa huko aliinua ile picha kwenye mwanga.

"Hii ni TB, mama. Imekula pingili za uti wa mgongo."

"TB ni ya kifua," nikamwambia. "Mimi sikohoi hata kidogo."

"Haikai kifuani tu. Utameza dawa mwaka mzima, na ukiziacha katikati hutatembea tena."

Nikarudi nyumbani na dawa na mkanda mgumu wa kushika mgongo. Siku ya kwanza nilipiga kelele.

"Sista, mkojo yangu iko nyekundu. Mimi nakufa."

Marta alicheka mpaka akashika ukuta. "Ni dawa, Shamsa. Inapita huko. Ikiwa nyekundu, mimi najua umemeza."

Kwa kulala sana nilipata vidonda kiunoni na kwenye visigino. Kimoja kiliingia ndani mpaka kikanuka, na nzi walinisumbua mchana kutwa. Marta alikuja kukisafisha. Siku moja mvua kubwa ikamkuta kwetu, lagha, ule mto wetu wa msimu, ikajaa, barabara ikakatika. Abdullahi alimtandikia mkeka karibu na kitanda changu, akasema kwa Kiswahili chake:

"Sista, lala hapa. Hii nyumba yako. Usiogobe."

Marta akakaa kwetu mpaka maji yalipopungua. Alikula wali wetu, akanywa maziwa yetu, na alimfundisha Abdullahi kunigeuza ubavu hadi ubavu ili vidonda vipumue. Abdullahi alijifunza vizuri. Mikono yake iliyozoea kupima mafuta ya mbuzi ilinigeuza kwa upole kuliko mikono ya mama yangu.

Kidonda kilianza kufunga. Nikaanza kuwashwa miguuni, na Marta akasema kuwashwa ni habari njema.

Halafu masista wakachukuliwa. Ilikuwa mchana, saa za kugawa dawa. Nikiwa nimelala nilisikia risasi, kisha gari likipita mbio kuelekea mpakani. Wenye bunduki walimjeruhi askari mlinzi, wakawaingiza masista wote wawili garini mbele ya akina mama wenye watoto wagonjwa. Fatuma, dada yake Abdullahi, alikuwa kwenye foleni. Alifika nyumbani na kiatu kimoja mguuni, akakaa chini, akalia kama kwenye msiba.

Msidhani sisi Waislamu wa hapa tulikuwa na kauli moja. Wengi tulilia. Wengine walifunga milango, kwa sababu wale watu wana masikio kila mahali na hawasahau. Kijana mmoja dukani alisema wazungu watalilia watu wao wenyewe. Dada mmoja aliyezalishwa na Marta alimuuliza jeraha la tumboni mwa mama yake kijana huyo lilishonwa na nani, kijana akaondoka. Ijumaa imamu alipanda mimbari. Fatuma alinirudishia maneno yake: "Hawa waliingia kwetu kwa amani, wakatibu watoto wetu. Kuwateka ni khiyana. Anayesema hii ni dini, aniletee aya." Tangu siku hiyo imamu hakulala nyumba moja siku mbili mfululizo. Nilimwogopea, na nilimpenda kwa hilo.

Wazee walikaa kwenye ua wa msikiti. Habari ilinifikia kitandani kwamba kikao kimekwama. Mwenyekiti alikuwa Adeer Bile, baba mdogo wa Abdullahi. Alisema jambo la kweli: masista walilindwa na askari, kwa hiyo walikuwa wageni wa serikali. Tukivuka mpaka kuwadai, tutawadai kama nani?

Lazima nieleze hapa kwa wale mliotoka mbali. Kwetu, mtu aliyelala ndani ya nyumba yako na kula chakula chako ni magan, yuko chini ya ulinzi wako. Akiguswa, umeguswa wewe na ukoo wako wote, na mna haki ya kwenda kumdai hata kwa adui. Bila hivyo, wazee wangeenda kama ombaomba, na ombaomba kule hasikilizwi. Na Rosa hakuwa na sindano zake.

Nilimwambia Fatuma afunge punda kwenye mkokoteni. Alinipeleka na mkanda wangu wa mgongo hadi mlangoni pa ua. Wanaume waligeuka. Mwanamke hasemi kwenye kikao kile, na hasemi akiwa amelala chali, lakini sikuwa na namna nyingine ya kukaa.

"Marta alilala kwangu," nikasema. "Alikula kwangu. Ni mgeni wetu."

Adeer Bile hakukasirika. "Shamsa, mwanamke hatoi magan. Mwenye nyumba ndiye anayetoa."

Wote wakamtazama Abdullahi. Alikuwa amechuchumaa nyuma kabisa, fimbo mapajani. Hapo ndipo niliposhikwa na hofu, kwa maana mwenye mgeni ndiye anayetangulia kwenda kumdai.

"Alilala kwangu," akasema. "Nilimwambia mwenyewe kwamba ile ni nyumba yake. Mwenzake pia ni mgeni wangu."

"Basi ni wetu," akasema Adeer Bile.

Asubuhi waliyoondoka, Abdullahi alinigeuza, akaniwekea dawa na maji karibu. Aliniambia nisiache kumeza. Nikameza za siku hiyo mbele yake.

Nawaeleza kama Adeer Bile alivyonieleza aliporudi. Walikwenda kwa siku nyingi, wakapelekwa huku na kule. Sista Rosa walimkuta amekwisha kufa. Sukari ilimuua porini, na Marta alikuwa amemzika kwa mikono yake. Wazee walisema maneno yao, wakarudia, wakakataa kuondoka. Hatimaye wale watu walikubali kumtoa Marta, kwa sharti kwamba mwenyeji wake abaki nao hadi Marta avuke mpaka, ili wanajeshi wasiwafuate. Abdullahi alikubali. Marta aliambiwa tu kwamba mmoja wa wazee atafuata baadaye. Alivuka salama, akapandishwa ndege, na redio zikatangaza furaha.

Abdullahi hawakumwachilia. Tulisubiri. Kisha ikaja simu ya mtu asiyetaka kutaja jina lake, akasema ameuawa na amezikwa huko, tusimtafute.

Niliingia eda nikiwa bado sisimami. Wageni wa msiba waliniinamia kitandani kunipa pole. Nilitamani kuacha dawa. Nilizitazama na kuona zimenigharimu kupita kiasi. Fatuma alikuwa anazifuata kwenye hospitali ya kambi ya wakimbizi ya Hagadera, kwa kuwa zahanati yetu ilifungwa. Siku moja alizimwaga mkononi mwangu, akasema, "Walaal, ndugu yangu, kaka yangu hakunigeuza mimi. Alikugeuza wewe. Meza." Nikameza huku nalia.

Mwanamke wa eda hatoki nyumbani, basi hatua zangu za kwanza hakuna aliyeziona isipokuwa Fatuma. Nilishika nguzo, nikasimama, miguu ikitetemeka, mkojo ukanitoka, nikakaa. Kesho yake nikasimama tena. Nilijifunza kutembea ndani ya chumba ambacho mtu aliyestahili kuliona hilo hayumo. Furaha na uchungu vilinijia pamoja, na mpaka leo sijui kuvitenganisha.

Marta alipiga simu kutoka kwao.

"Shamsa. Mgongo?"

"Natembea, Sista."

Alicheka na kulia. Kisha akasema, "Nipe Abdullahi. Nataka kumwambia asante."

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Nilimwambia mimi. Alilitaja jina langu tena na tena, kisha simu ikakatika. Sijui ulikuwa mtandao au ni yeye. Alipiga tena baada ya wiki, na mara nyingi tangu hapo. Nimemwambia hakuna damu mikononi mwake. Ninyi mkiniuliza kama najuta kwenda kwenye kikao, jibu langu hubadilika kutoka siku moja hadi nyingine.

Zahanati ilifunguliwa tena na tukaletewa muuguzi, Mwende, msichana Mkristo kutoka Kitui. Alikuwa anafanya kazi akitazama mlango. Nilipokwenda kuchukua dawa zangu za mwisho niliona begi lake limefungwa chini ya meza, tayari kwa safari. Nikamwambia leo atakula na kulala kwangu, nikamtuma Fatuma amwite Adeer Bile.

Mzee alimkuta Mwende amekaa kwenye mkeka na sahani ya wali. Akaniita nje.

"Unajua unachofanya?"

"Najua kuliko ninyi nyote."

"Mwenye nyumba hayupo, Shamsa."

"Mwenye nyumba ni mimi."

Mzee akavua viatu, akaingia, akamsalimia Mwende na kuomba chai.

Namshukuru Mungu aliyenirudishia miguu, namshukuru Marta, na namwombea Abdullahi kila swala. Ninyi mnaoumwa, msisubiri mpaka mguu usikisikie kiatu, na dawa mzimalize hata siku mtakapozichukia. Anayewapa dawa hizo ni Mwende. Ni mgeni wangu, na ukoo wetu wote umeshaambiwa.