Miezi Sita ya Kilio

Mimi nilizaliwa Kasai, na hilo sikulificha hata mbele ya mwenye bunduki. Nilikuja Lubumbashi kijana, nikaingia kazi ya tanuru la shaba, nikaoa binti wa kijiji kimoja cha njia ya Kasumbalesa, nikazaa naye msichana na mvulana. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi walinipa koleo siku ya kwanza! Halafu Katanga, jimbo la Lubumbashi, ikajitenga na Kongo ikajitangaza kuwa nchi, na koleo likiwa bado mkononi nikaambiwa mimi ni mgeni.

Amri ilikuwa fupi. Mtu wa Kasai anayetaka kubaki aombe uraia, na buku yake ya kazi ioneshe kwamba hakukatiza kazi. Asiyepata karatasi ananyang'anywa nyumba ya kampani, anapandishwa treni ya kurudi Kasai, yeye na watoto wake. Na huko waliotangulia walikuwa wanakufa njaa. Habari zilitufikia: watoto wamevimba miguu, nywele zimekuwa nyekundu. Wangu walikuwa na mimi tu, mama yao alikuwa amekwisha kufa. Niliogopa, sioni haya kusema.

Buku yangu ilikuwa nzuri, ila ilikosa miezi sita. Ilikuwa hivi. Katika kambi yetu ya wafanyakazi, mwanamume aliyefiwa na mke haguswi mpaka ndugu za marehemu wamfungue kilio. Mke wangu alipozikwa nilirudi tanuruni, na watu niliokuwa nakula nao bukari, ugali wetu, sahani moja wakaweka makoleo chini. Wakamwambia kapita, msimamizi wetu, "Huyu akiingia, moto utatukula siye wote." Kapita alikuwa mtu wa kanisa, lakini alinitazama akarudi nyuma hatua moja.

Nikawaendea wakwe zangu wanifungue. Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama. Kwetu Kasai ni wa baba. Shemeji yangu, kaka wa marehemu, akaniambia bila hata kunikaribisha kiti, "Shemeki, tupatie batoto, tutakufungua leo leo."

Ng'o! Nilimwambia watanizika na kilio changu. Nikakaa bila kazi mvua nzima, nikibeba matofali ya watu na kuuza muhogo, na kampani ikaandika kwamba nimeacha kazi mwenyewe. Mwishowe mama mkwe alinihurumia. Alinipaka unga, akanifunga ushanga mweupe mkononi, akasema mtoto wake hawezi kupumzika watu wakigombana hivi. Kesho yake nilirudi tanuruni. Watoto walibaki kwangu, na mimi nikajiona mshindi.

Sasa karani wa uraia anafungua buku, kidole kimesimama palepale.

"Hii miezi yote ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa na kilio, bwana karani. Bibi yangu alikufa."

"Kilio gani ya miezi sita? Ulikuwa Kasai, unafanya politiki."

Nilitaka kumrukia. Nilijizuia, nikamwambia sikutoka Lubumbashi hata siku moja. Akasema, "Basi leta bantu ba bibi yako, baseme bo benyewe. Na batoto ulete, niwaone."

Unajua inavyouma kumpigia magoti mtu uliyemshinda? Nilikwenda kijijini kwa shemeji nikapiga magoti. Alikubali upesi mno, nami mjinga nikashukuru.

Siku ya siku tulisimama ofisini: mimi, yeye, na watoto wawili wamevaa nguo za misa. Binti yangu alikuwa ameshika koti langu. Nje, ndege zilikuwa zinateremka uwanjani Luano moja baada ya nyingine, na kila ilipopita karani aliacha kuandika.

Shemeji alisema kweli tupu, sina la kumlaumu. "Alikuwa na kilio, hakuenda fasi yoyote. Ni siye tulikatala kumufungua, juu alikatala kutupatia batoto betu."

"Batoto benu?" karani akauliza.

"Kwetu mutoto iko wa mama."

Karani akafunga buku. Nilifikiri yamekwisha, nimepona. Akaniambia kwa sauti ya mtu anayeagiza chai: "Kilio mu sheria ni siku tatu. Ingine yote ni kuacha kazi. Weye, hapana. Utapanda treni." Kisha akawatazama watoto. "Lakini hawa, kama beko ba mama yabo, beko ba Katanga, babakie. Kama beko ba kwako, bapande na weye. Sema: batoto ni ba nani?"

Lo! Neno nililolikataa mvua nzima, lililokula kazi yangu na sasa linakula makao yangu, nalisemeshwa kwa kinywa changu. Nilimtazama shemeji. Alikuwa anatazama chini, na naamini hata yeye hakulitaka liwe hivi. Nikawaza ile miguu iliyovimba. Mvulana wangu alikuwa na miguu minene ya mtoto anayeshiba.

"Ni ba mujomba wabo," nikasema.

"Sema na nguvu, niandike."

"Ni ba mujomba wabo! Haiko ba kwangu!"

Mkono ukaachia koti langu. Nilitaka kumweleza binti yangu palepale, lakini karani alikuwa anasikiliza, na neno moja la ubaba lingempandisha treni. Shemeji akawachukua siku hiyohiyo.

Siku ya kuondoka aliwaleta stesheni, nami namshukuru kwa hilo. Askari walikuwa wanatembea kati ya mizigo, wakisikiliza nani anamwita nani. Mvulana alikuwa amelala mgongoni kwa mjomba. Binti yangu alikuja mpaka dirishani, hakulia. Alininyooshea mkono, mkono ulionyooka, wa kuaga wageni.

"Safari muzuri, bwana," akasema.

Niliupokea ule mkono, nikamwambia asante.