Mgeni wa Kukaa na Mgeni wa Kupita

Nilikuwa kaunta ya polisi pale Mpanda kuripoti baiskeli iliyoibwa. Mbele yangu alisimama mzee mmoja wa makazi ya wakimbizi, kofia mkononi. Alikuwa akiomba kibali cha gobore, maana nguruwe pori walikuwa wanamaliza mihogo yake.

"Mzee, wewe ni Mrundi," askari alimwambia kwa upole. "Mgeni haruhusiwi kumiliki bunduki."

"Afande, nimelima hapa zaidi ya miaka ishirini. Wanangu wote wamezaliwa hapa."

"Bado ni mgeni."

Papo hapo aliingia Mzungu mwindaji na bunduki mbili begani. Askari alisimama, akasoma kibali chake, akagonga muhuri.

Mzee alimtazama Mzungu, kisha askari. "Na huyu?"

Askari alikuna kidevu. "Huyu ni mgeni wa kupita. Wewe ni mgeni wa kukaa."

"Basi mwambie apitie shambani kwangu."

Askari alitafsiri. Mzungu alitabasamu, akajibu kwamba kibali chake ni cha nyati, tena ndani ya kitalu cha uwindaji alicholipia tu.

Mzee alivaa kofia. "Haya, nyie bakini salama. Mimi narudi nyumbani."

Askari alikuwa amehamishiwa Mpanda kutoka Tanga. Mzungu alikuwa akilala hemani. Mimi ni mpangaji. Katika chumba kile, mwenye nyumbani pa kurudi alikuwa yule mgeni peke yake.