Breki za Ndege ya Baba Mdogo

Ilianza Jumamosi saa tisa alasiri, nikiwa nyuma ya kihenge, ninapojificha wageni wakija. Baba mdogo alikuwa amesimama juu ya kigoda anafunga rafadha ya mninga kwenye injini ya pikipiki, puani mwa ndege aliyoiunda mwenyewe. Rafadha hiyo sisi tuliiita panga boi.

Tangu kiwanda cha pamba kiuzwe na mafundi, yeye akiwemo, warudishwe makwao, baba mdogo hakushika jembe. Alisema yeye ni mwekezaji. Neno alilitoa redioni, likamtosha kukaa kivulini mwaka mzima akichonga. Pamba aliichuma mama mdogo, na mimi nikiwa likizo.

Siku hiyo mama mdogo alimwambia mbele ya wazee, "Leo ikipaa, nabaki. Isipopaa, kesho narudi kwetu Ipililo."

Nilimpenda kuliko mtu yeyote pale nyumbani. Kwa hiyo niliiombea ndege, ingawa jamani, mabawa yalikuwa ya magunia.

"Haina breki hiyo," jirani mmoja, mtani wetu, akapaza sauti. "Ikikimbilia Bukundi, nani ataifuata?"

"Breki ninazo, wewe kaa utazame."

Akaagiza maksai wa babu wafungwe nira, mnyororo wa jembe akaufunga mkiani mwa ndege, ili waishikilie mpaka injini ipate nguvu. Kwetu hata lori la mnunuzi wa pamba likikwama tunawaita maksai. Wazee wakaafiki. Hata mimi niliona ni akili.

Maksai hawakuulizwa.

Nati ya mwisho ikakazwa, baba mdogo akapanda ndani, rafadha ikazungushwa kwa mkono, injini ikakohoa, ikanguruma. Maksai wakatoka mbio kuelekea mtoni, wakiiburuta ndege kinyumenyume juu ya pamba tuliyoianika. Panga boi likaipeperusha yote hadi kwa majirani.

"Inaenda!" baba mdogo alipiga kelele humo ndani. "Mnaona? Inaenda!"

"Soko huria hilo," mtani akasema. "Pamba inajipeleka yenyewe."

Jioni baba mdogo alirudi anachechemea. "Mke wangu, umeona? Haikulegea hata nati moja."

"Nimeona," mama mdogo akajibu, akaendelea kukunja kanga zake.

Asubuhi nilimbebea mzigo hadi barabarani. Mimi nisiyesema na watu nikamwambia, "Mama mdogo, twende wote."

"Wewe soma," akasema, akapanda gari.

Nikarudi, nikawasha moto jikoni. Wazee walikuwa wamekuja kumpa pole mwekezaji, na walikuwa wanasubiri uji.