Jinsi Nilivyomuua Mama Kandida kwa Kutazama Picha

Kuna mwanamke mmoja niliwahi kumuua kwa mdomo, mchana kweupe, mbele ya watu wazima na akili zao, naye saa hiyo hiyo alikuwa Kiberege shambani kwake anapiga debe kufukuza ndege, na kama kuna aibu kubwa kuliko hiyo mtanisimulia ninyi, mimi yangu ndiyo hii.

Ilikuwa miaka ya tisini, kabla sijaoa, bado natangatanga (leo Kidatu, kesho Mahenge, keshokutwa hata mama yangu hajui), nikiuza mitumba kwenye masoko ya barabarani, na jioni nikichoka nachora kwa mkaa nyuma ya makaratasi yaliyokwisha kazi. Pale Ifakara, upande wa Lumemo, kulikuwa na wenzangu wachache waliochora kwa kujifurahisha, yupo fundi cherehani, yupo Dada Skola muuguzi, yupo mwalimu mstaafu tuliyemfanya mwenyekiti kwa sababu ndiye aliyekuwa na saa, tukikutana Jumamosi kwenye chumba cha kuazima na kuchora mbogo wasiofanana na mbogo. Na mtu tuliyemheshimu wote, ambaye wala hakuwa mwanachama, alikuwa Mzee Longino.

Mzee Longino hakuchora mbogo. Alikuwa anafumua magunia, anayawamba kwenye mbao, halafu anapaka mabaka, hakuna mtu, hakuna nyumba, hakuna mti, rangi tu zinasukumana, na ukisimama mbele yake unajisikia kama umeingia kwenye chumba ambamo watu walikuwa wanakusema.

Sasa Mzee akapata kazi ya kupaka ukuta mzima wa ukumbi kule Kisawasawa, kazi ya miezi, akasema atachukua msaidizi mmoja kutoka kwetu. Niliitaka kazi ile kuliko chakula. Nilikuwa nimechoka kubeba robota la nguo begani na kubishana na watu juu ya suruali zisizo na zipu. Lakini Mzee hakutaka kuona michoro yetu (nadhani alikuwa ameshaiona), alisema mkono unafundishika, yeye anatafuta jicho, kwa hiyo atatundika kazi zake za zamani ukuta wa kushoto na za karibuni ukuta wa kulia, na kila mmoja asimame aseme anaona nini.

Siku yenyewe nikachelewa. Nilikuwa nimelala Kiberege kwa ajili ya soko, lori nililodandia likakwama kwenye tope, nikaingia chumbani suruali imelowa mpaka magotini, nikamwamkia Mzee shikamoo na kuomba radhi kwa sauti ili wote wasikie, kwamba natoka Kiberege na njia ni mbaya. Hayo maneno yashikeni, yatarudi.

Wenzangu walikuwa wameanza. Mwalimu alizungumza muda mrefu juu ya ujana na uzee mpaka mwenyewe akasahau alikuwa upande gani wa ukuta. Fundi cherehani alisifu jinsi magunia yalivyokunjwa pindo, akasema za zamani zilikunjwa vizuri zaidi. Dada Skola akasema za kushoto zinampa joto na za kulia zinamfanya ateremshe sauti, akakaa. (Angepewa kazi hapo hapo, tukaenda nyumbani tukala.)

Mimi nikaziangalia. Za zamani zilikuwa kijani cha mpunga mchanga na rangi ya chungwa, na kila moja ilikuwa na duara la njano kama kiini cha yai, rangi imerundikwa mpaka ukipitisha kidole inakwaruza. Za karibuni zilikuwa kijivu na nyeupe, na mistari myembamba ya udongo, na pale palipokuwa na duara pako wazi, kama alama ya sufuria iliyoondolewa mezani. Nilisisimka kweli, sidanganyi. Nikakumbuka pia kwamba wiki iliyopita nilipompitia Mzee nyumbani nilimkuta anajishonea kifungo, na uani hakukuwa na kanga hata moja kwenye kamba. Akili ikaunganisha. Ningeweza kusema tu kwamba hapa kuna kitu kimeondoka, nikakaa kama Dada Skola, lakini nikaona ni kidogo mno, mtu anayetaka kazi lazima aongeze chumvi.

Nikasimama katikati ya chumba.

"Duara hili ni mama wa nyumba," nikasema. "Na huku mama hayupo tena. Ndugu zangu, huku kulia tunamtazama marehemu."

Mzee Longino akakaa kwenye benchi taratibu kama mtu anayepapasa kiti gizani. Dada Skola akajishika mdomo. Nikajua nimewagusa, na kweli nilikuwa nimewagusa, basi nikavimba kichwa, nikaomba tusimame kwa dakika moja kumkumbuka, na wakasimama, na mwalimu akaitazama saa yake.

Dakika ilipokwisha Mzee akainua uso. "Umetoka Kiberege leo?"

"Ndiyo, mzee," nikajibu, nikijiuliza Kiberege inahusiana nini na uchoraji.

Akajifunika uso kwa mikono, na Dada Skola akapiga yowe.

Jambo ambalo kila mtu mle ndani alilijua isipokuwa mimi mtu wa kuja ni kwamba Mzee ana shamba Kiberege, na mpunga ukianza kuzaa mke wake, Mama Kandida, anahamia huko kwenye kibanda kulinda ndege mpaka mavuno, kama wanavyofanya watu wa Ifakara wote, na baba anabaki mjini na vifungo vyake. Nami nimeingia na tope la Kiberege kwenye suruali, nikatangaza marehemu. Fundi aliponieleza (alinieleza kwa kunipa pole, eti kupeleka habari kama ile si kazi ndogo) mabenchi yalikuwa yameshatolewa nje, picha zimegeuzwa zitazame ukuta, akina mama wa jirani wamejitanda kanga na lori la mpunga limeshapatikana.

Mle kwenye lori nilijaribu. Nilimwambia Dada Skola kwamba mimi sikusikia habari yoyote, mimi niliona. Akaniuliza kama niliuona mwili. Nikamwambia niliona rangi. Akanishika bega, akasema ninyamaze, uchungu unamfanya mtu aongee ovyo. Watu wakaimba nyimbo za msiba mpaka Kiberege, na (Mungu anisamehe) nikajikuta naomba kimoyomoyo tumkute basi hata na homa kidogo.

Mama Kandida alikuwa juu ya dungu, jukwaa la kulindia ndege lenye miguu minne ya miti, debe mkononi, anawatukana ndege kwelea kwelea kwa Kipogoro. Alipoona lori zima la watu waliojitanda kanga, na mume wake katikati ameshikwa huku na huku, alilitupa debe, akashuka, akaja mbio kwenye tuta huku analia kuliko sisi sote.

"Niambie, Baba Kandida. Nani amekufa?"

Watu wakatazama miguu yao. Mzee akafuta macho.

"Wewe," akasema.

Mama akajitazama kuanzia miguuni. Kisha akauliza nani kasema, na lori lote likageuka kunitazama mimi.

Nikaeleza. Nilieleza duara, nikaeleza kijivu, nikaeleza kifungo, nimesimama kwenye maji ya mpunga, na fundi cherehani alicheka mpaka akakaa kwenye tope. Mama Kandida alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo umeniua kwa sababu ya kijivu," akasema.

"Shikamoo, mama," nikajibu.

Ndipo Mzee Longino akasema jambo ambalo sijalisahau, kwamba jicho langu liliona sawa, zile za kijivu alizichora tangu walipopata shamba huku, anazichora peke yake nyumbani, na ni kweli mama hayumo. "Ila mtu asipokuwepo, kijana, unauliza kwanza amekwenda wapi."

Niliposikia jicho langu limeona sawa, moyo ukaruka, nikajiona niko Kisawasawa na brashi mkononi. Mama Kandida akauwahi.

"Kama ana jicho zuri hivyo abaki hapa aangalie ndege," akasema, akaniokotea debe. "Mimi marehemu nakwenda mjini kupumzika."

Ndivyo ilivyokuwa. Dada Skola alichukua likizo akaenda Kisawasawa, na mimi nikapiga debe juu ya dungu mpaka mavuno.

Miaka mingi baadaye, nikipita njia hiyo, niliingia kwenye ule ukumbi. Ukuta wote ni kijivu na kijani, na katikati duara la njano limerudi, kubwa kuliko yote ya zamani. Chini pembeni kabisa, juu ya mistari minne myembamba, kuna baka dogo jeusi lililoinua kitu juu. Watu wawili walikuwa wanabishana mbele yake, mmoja anasema ni shetani, mwingine anasema ni kunguru, wakaniuliza mimi naona nini.

Nikawaambia sijui. Sijawahi kusema neno jingine mbele ya picha tangu siku ile, na sitasema, hata kama limechorwa jeneza.