Mkono wa Kuandikia

Mpaka leo nikiona darasa zima la watoto limenyoosha mikono, nageuza uso. Wengine huona bidii. Mimi naona uongo, na najua ulivyopikwa.

Nilikuwa nafundisha darasa la kwanza kwenye shule binafsi pale Ilembo, moja ya zile shule zinazojiita za Kiingereza ingawa mlinzi na mwalimu mkuu wanasalimiana kwa Kisukuma kila asubuhi. Kazi kubwa ilikuwa umoja na wingi. Mtoto wa kwetu amezoea wingi ukae mwanzoni mwa neno: kiti, viti, mtoto, watoto. Awe wa Kisukuma, wa Kifipa au wa Kirundi, nyumbani mambo ni hayo hayo. Halafu unamwambia kwamba Mwingereza analiacha neno lilivyo, anabandika kamlio kadogo huko nyuma, na vikombe vimeshakuwa vingi. Hasikii. Masikio yake yanasubiri mlangoni, na neno linapofika mwisho ameshaacha kusikiliza.

Nikawa naleta vitu. Nilileta vikombe, vijiko, mahindi ya kuchemsha ambayo yaliliwa kabla somo halijaisha. One cup, two cups. Nilikuwa nawashikisha wenyewe mikononi, kimoja, halafu viwili, na wanasema huku wameshika. Ilikuwa kazi ya polepole na niliipenda.

Wa kwanza kuelewa alikuwa binti mmoja kutoka kijiji cha Kakese, mtoto wa mkulima. Nilipofika kwa kondoo, one sheep, two sheep, wenzake waliitikia tu kama wanavyoitikia kila kitu. Yeye akauliza, "Madam, kwa hiyo kondoo wao hawaongezeki?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Alikuwa anaandika kwa mkono wa kushoto na nilimwacha aandike. Wapo walimu wanaomchapa mtoto vidole kwa kosa hilo. Mimi sioni kosa liko wapi.

Baba yake alikuja kuniona mapema muhula ule, akaegemeza baiskeli ukutani na kuvua kofia. "Mwalimu, mimi Kiingereza sijui," alisema. "Majirani wananisema kwamba nalima kwa ajili ya kuwashibisha nyie. Siku ya wazazi nitakuja nione mwenyewe. Kama anajua, anabaki. Kama hajui, anarudi shule ya kijijini." Nikamwambia aje bila wasiwasi.

Ilipokaribia siku hiyo, mwalimu mkuu alichukua darasa langu ili aliandae. Nilidhani atawapa mazoezi. Nikamkuta mbele yao na fimbo mkononi, anawaambia kwa sauti tamu, "Nikiuliza, wote mikono juu. Anayejua anyooshe mkono anaoandikia. Asiyejua anyooshe huo mwingine. Mimi nitachagua mkono wa kulia tu." Kisha akawarudisha mwanzo, tena na tena, mpaka hata wale wasiojua chochote wakawa wananyoosha kwa furaha. Watoto wa umri ule bado wanachanganya kiatu cha kushoto na cha kulia, na sisi tulikuwa tunawafundisha kudanganya wazazi wao kwa mpangilio. Nikamwambia siyo sawa. Akanijibu kwamba mzazi anataka kuona mikono, hataki kuona vikombe. Nikatoka nje.

Siku yenyewe wazazi walijaa chini ya maturubai, madawati ya darasa langu na ubao vimetolewa nje mbele yao, spika zinapiga muziki, sufuria za pilau zikiwa zinafuka nyuma ya jiko. Mwalimu mkuu alishika maikrofoni. "One goat?" Msitu wa mikono ukainuka. Wazazi wakainua simu zao, wakarekodi. Mama mmoja alijifuta machozi kwa kuona mwanawe ananyoosha mkono kila swali. Mwanawe hakuwa anajua hata moja.

Ndipo nilipomwona binti wa Kakese. Alikuwa amenyanyuka nusu kwenye dawati, mkono wa kushoto juu kabisa, vidole vinacheza. Mwalimu mkuu alimpita. Swali la pili alimpita, na la tatu. Mtoto aliambiwa anyooshe mkono anaoandikia na alikuwa ameunyoosha. Baba yake alikaa mstari wa nyuma, kofia magotini, na uso wake ulikuwa unazidi kukunjamana.

Sikuomba ruhusa. Nilipaza sauti kutoka pale ubaoni: "Wewe pale. One child?"

Akasimama. "Two children," alisema, akalitamka neno lote mpaka mwisho.

Wale wengine walipoona mwenye mkono wa kushoto ameitwa, waliogopa kwamba wataitwa na wao. Mikono ikaanza kushuka, mmoja, halafu yote kwa pamoja, ikabaki michache ya kuhesabika. Mwalimu mkuu akacheka kwenye maikrofoni, akasema watoto wamechoka.

Baba wa binti alisimama kule nyuma. "Mbona wenzako wameshusha?" akamuuliza mwanawe.

"Hawajui, baba," alijibu yule mtoto, bila ubaya wowote. "Tuliambiwa tangu wiki iliyopita asiyejua anyooshe mkono ambao haandikii. Mimi naandikia huu."

Nilidhani wazazi watawaka. Walicheka. Walicheka kweli, wengine wakapiga makofi, na mzazi mmoja akasema mwalimu mkuu ni mjanja sana huyu. Hata yule mama aliyelia alikuwa anacheka, simu bado iko juu. Muziki ukarudishwa. Mwalimu mkuu akanisogelea akasema kwa sauti ya chini kwamba kosa ni langu, ningemchapa yule binti mapema akazoea mkono wa kulia, haya yasingetokea.

Wakati watu wanapanga foleni ya pilau, baba yule akanifuata kando pamoja na binti yake. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Anajua," alisema. "Nimeona. Umemfundisha vizuri, Mungu akubariki. Kesho hatakuja."

Nikamwambia, "Baba, ulisema akijua anabaki."

"Nilisema hivyo." Alimtazama mtoto, halafu akatazama maturubai. "Lakini jambo lile la mikono ameniambia mbele za watu kama kitu cha kawaida. Wiki nzima ameishi nalo na hakuliona baya. Nikimwacha hapa mpaka la saba, atakuwa mtu wa namna gani?"

Akampakia binti kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, wakatoka getini. Nyuma yangu wazazi walikuwa wanauliza kama kuna nyama ya kuongeza.