Tangi la Juu ya Paa

Mwaka wa sabini na tisa, fundi Nehemiah alipitisha mabomba ya kuzima moto kwenye dari za ghorofa moja kuukuu pale Voi. Juu ya paa akaweka tangi la kuyalisha maji, akawaonya wapangaji wasiliguse.

Kiangazi kikazidi, mifereji ikakauka wiki tatu. Mama Elsie, mjane wa chumba cha chini, akamjia na debe tupu. "Mwanangu, maji yapo na sisi tunakufa kiu?"

Nani angemnyima? Nehemiah akalitoboa tangi, akatia mfereji. Jengo zima likateka.

Siku stovu ya Mama Elsie ilipolipuka, mabomba yalikohoa upepo mtupu.

Walimzika kwao Ronge. Kabla ya chakula, maji ya kunawa yakapitishwa. Yalipomfikia Nehemiah, aliificha mikono.