Dada yangu kaitwa mwizi wa magauni aliyoshona mwenyewe

Jamani, nina hasira!

Dada yangu Oliva ni fundi cherehani hapa Malangali. Wateja karibu wote wanampata kwenye ukurasa wake wa mtandaoni. Siku hizi nani anazunguka sokoni kutafuta fundi?

Leo asubuhi ukurasa umefungwa. Eti picha za magauni kaiba! Kumbe kuna mtu alizichukua, akaziweka kwake, halafu akamshitaki yeye.

Tukawaandikia malalamiko wenye mtandao. Jibu likaja hata simu sijaiweka chini: "Tumepitia ombi lako. Uamuzi haubadiliki."

Kapitia nani? Saa ngapi?

Sasa sikieni. Akaingia mteja, binti wa mtaa wa Kizwite anayetarajia kuolewa, kanuna.

"Da Oliva, nimefungua ukurasa wako, wameandika umefungwa kwa wizi. Naomba kitambaa changu."

Gauni lilibaki kushonwa mkono mmoja tu! Dada akalikunja taratibu, akampa. Hakubishana.

Binti alipotoka, dada akanigeukia. "Huyo aliyenifungia anakaa wapi, nimfuate?"

Nikachukua simu, nikaanza kuwaandikia nyie.

Anayejua ofisi yao aandike hapa chini. Tutakwenda, hata kwa miguu.